Jinsi ya kucheza dro kali kwa kushambulia kwenye meza za poka za hela taslimu

Kaa meza yoyote ya Texas hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani) ya hela ndogo utaona dro (mkono ambao bado unasubiri karata ya kuukamilisha) zinachezwa kwa staili moja tu: mtu anacheki (anapita bila kuweka hela), anakoli (analipa beti ya mwenzake), anasubiri karata yake ishuke. Kopa ya tatu ikishuka ndo anabeti kwa nguvu, na kila mtu mezani ana macho, ameiona hiyo kopa, wanafoldi (wanatupa karata). Isiposhuka anakuwa ameshalipa mara mbili halafu anatupa karata. Yaani akikosa analipa bei kamili, akipata halipwi, halafu anasema hana bahati.

Huu mwongozo ni wa kuicheza upande wa pili, wewe ndo unaweka hela kwanza wakati dro bado haijatua. Ukifanya hivyo una njia mbili za kushinda badala ya moja, jamaa akifoldi umebeba poti (hela yote iliyowekwa kati) saa hiyohiyo bila kuonyesha kitu, akikoli bado una karata zinazoweza kushuka. Ndo hiyo inayoitwa semi-blafu (blafu yenyewe ni kubeti bila kitu ili mwenzako afoldi). Ila siyo kila dro na siyo kila mtu wa kumfanyia, na hapo ndo watu wanachoma hela.

Mifano yote ni ya meza ya dola 1/2, blaindi (hela ya lazima kabla ya karata) ndogo dola 1, kubwa dola 2, hakuna kikomo cha kubeti, kila mtu ana dola 200. Ukicheza kwa shilingi zidisha tu, hesabu ni ileile.

HATUA YA 1: Tofautisha dro kali na dro ya kawaida

Umeshika 9♥ 8♥, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) inakuja 7♥ 6♣ 2♥. Hiyo ndo mama lao. Kopa yoyote inakupa flashi (karata tano za aina moja), zimebaki 9. 10 yoyote au 5 yoyote inakupa streti (namba tano zinazofuatana), ziko 8, ila 10♥ na 5♥ tumeshazihesabu kwenye kopa, kwa hiyo jumla auti (karata zilizobaki za kukukamilishia) ni 15. Kufika karata ya mwisho utapata mojawapo kwa asilimia 54 hivi. Fikiria, mkononi huna hata pea, lakini dhidi ya mtu mwenye ree mbili ambaye yuko tayari kumaliza chipu zake zote hapo, wewe ndo unayeongoza kidogo. Watu wengi wakiambiwa hivi hawaamini mpaka waingize wenyewe kwenye programu ya kukokotoa.

Chini yake kuna dro ya flashi pamoja na pea, auti 14 kama pea mbili na karata tatu za namba moja zote zinatosha kumshinda, asilimia 51. Flashi pamoja na streti ya pengo (ile inayosubiri namba moja tu katikati) ni auti 12, asilimia 45. Flashi peke yake 9, asilimia 35. Streti iliyo wazi pande mbili 8, asilimia 31. Streti ya pengo peke yake ni 4, kama asilimia 16, hiyo usiniambie ni dro kali.

Mimi mstari nauchora kwenye 12. Dro tupu ya flashi ya ree (ree ya aina hiyo iko mkononi) nayo naiingiza, kwa sababu hata ree yenyewe ikishuka mara nyingi inakutosha, na ukipata flashi hakuna mwenye kubwa zaidi.

Sasa kuwa mkweli kwenye kuhesabu. Auti nyingine ni chafu. Meza ikiwa na pea, mfano 7 7 na kopa mbili, flashi yako inaweza kutua na bado ukalala kwa fulu hausi (tatu za namba moja pamoja na pea). Ukiwa na 6 5 kwenye flopu ya K 8 7, 9 ikishuka unapata streti sawa, lakini mwenye J 10 amepata kubwa zaidi yako na atakumaliza vizuri kabisa. Ukiwa na streti wazi pande mbili na mezani kuna karata mbili za shupaza ambazo we huna hata moja, kati ya zile 8 mbili zinaleta shupaza ya tatu, hesabu 6 tu ndo safi. Na flashi ndogo kama hiyo ya 9♥ 8♥ mbele ya watu wanne siyo sawa na mbele ya mtu mmoja, mtu akiwa na Q♥ J♥ we ndo mlipaji.

HATUA YA 2: Hesabu mbili za kichwani

Ya kwanza unaijua: auti mara 4 ukiwa kwenye flopu, mara 2 ikibaki karata moja. Auti 9, flopu ni 36 (ukweli ni 35), ikibaki moja ni 18 (ukweli karibu 20). Auti zikizidi 10 hiyo mara 4 inadanganya kwa juu, 15 inakupa 60 wakati ukweli ni 54, punguza.

Kitu ambacho hakisemwi vya kutosha: mara 4 ni halali tu kama utaziona karata zote mbili kwa malipo hayohayo. Ukikoli kwenye flopu halafu jamaa akakubeti tena karata ya nne, hukununua asilimia 35, ulinunua kama 19, na ile nyingine unauziwa upya kwa bei ya juu. Hii peke yake ndo sababu kubwa ya kuweka hela mapema.

Ya pili ndo ya maana zaidi, na inabidi uikae chini uifanye kwa kalamu angalau mara moja. Tuseme poti ina dola 60, umebaki na 100, naye anazo za kutosha, una flashi tupu ya auti 9 na unafikiria kusukuma zote.

Ukisukuma kwenye flopu na akakoli, unashinda asilimia 35 ya mara, unapata 160 (poti 60 na 100 yake), na asilimia 65 unapoteza 100. 56 toa 65, wastani unapoteza dola 9 kila akikoli. Akifoldi unapata 60. Kwa hiyo anatakiwa afoldi kama asilimia 13 tu ya mara ili usipate hasara. Kidogo sana, mtu yeyote wa kawaida anafoldi zaidi ya hapo.

Ukisubiri karata ya nne, haijashuka, halafu ndo unasukuma zilezile 100 kwenye poti ileile ya 60: akikoli unashinda asilimia 20 tu, 32 toa 80, unapoteza wastani wa 48. Sasa anatakiwa afoldi karibu asilimia 45. Dro ileile, chipu zilezile, tofauti ni karata moja tu iliyopita. Na kama ulikuwa na zile auti 15 kwenye flopu basi hata asipofoldi kabisa, ukisukuma unapata wastani wa dola 40 hivi juu yake.

Usinielewe vibaya, kupata faida siyo maana yake ndo njia bora kuliko zote. Akikubeti dola 5 kwenye poti ya 60, koli tu, bei ni ya bure. Kureizi (kupandisha beti) lazima kuzidi kukoli, siyo kuzidi kufoldi.

HATUA YA 3: Mwangalie mtu kabla ya karata

Nusu ya hela ya semi-blafu inatoka kwenye kufoldi kwake, kwa hiyo kama hafoldi umebaki na nusu. Kila meza ina yule mzee anayekoli kila kitu kwa pea ya chini, anasema "nataka kukuona tu". Huyo usimfanyie blafu ya aina yoyote. Akiwa yeye, na una auti 9, koli kwa bei nzuri, subiri itue, ikitua mbeti kubwa kabisa maana atalipa. Ukiwa na auti 15 dhidi yake ndo unaweza kuweka hela, siyo kwa sababu atafoldi ila kwa sababu unaongoza.

Unayemtafuta ni yule anayejua kutupa pea moja. Anayebeti flopu kwa mazoea kwa sababu alireizi kabla, halafu ukimreizi anatulia, anahesabu chipu, anaangalia karata zake tena. Kwenye meza ya ana kwa ana hilo la kuangalia karata tena lina maana yake: zikishuka karata tatu za aina moja na jamaa akachungulia zake upya, mara nyingi hana flashi iliyokamilika, anakagua kama ana hata moja ya aina hiyo. Mwenye flashi anakumbuka ana nini.

Halafu idadi. Dhidi ya mtu mmoja, shambulia. Wawili, inategemea. Watatu na zaidi, kila mmoja anatakiwa afoldi, na uwezekano huo unayeyuka haraka, hapo dro ya ree ni bora ukoli uwaache wenye flashi ndogo waingie, maana hao ndo watakaokulipa.

HATUA YA 4: Pima mzigo wa chipu kabla hujagusa chako

Turudi kwenye 9♥ 8♥. Jamaa mmoja ambaye siyo mjinga alireizi 10 kutoka katikati, wewe upo batani (kiti cha mwisho kucheza) ukakoli, blaindi zikafoldi. Poti 23, kila mmoja kabaki na 190. Flopu 7♥ 6♣ 2♥. Anabeti 15, poti sasa 38. Unareizi hadi 50.

Swali unalotakiwa kuwa na jibu lake KABLA ya kusukuma hizo 50: akinirudishia zote nafanyaje? Hapa akisukuma 190, poti inakuwa 263 (23, na 190 zake, na 50 zako), wewe unatakiwa kuongeza 140. 140 gawa kwa 403 (263 na 140 zako) ni kama asilimia 35, hiyo ndo unayohitaji kushinda. Dhidi ya ree mbili una zaidi ya 50. Dhidi ya 7 tatu una karibu 40. Unakoli bila kuhema. Ungekuwa na flashi tupu ya auti 9 uko ukingoni kabisa, dhidi ya pea una hizo 35, ila dhidi ya karata tatu za namba moja unashuka hadi 25 hivi, na huyu jamaa akirudisha zote mara nyingi ndo anachokuwa nacho. Kwa hiyo auti 15 zinapenda kurudishiwa, auti 9 zinaogopa. Hili likikaa kichwani umemaliza nusu ya kazi.

Mizigo ikiwa midogo usijifanye fundi. Jamaa ana dola 70 jumla, kabeti 15, we sukuma zote moja kwa moja. Ukireizi hadi 45 umemwachia yeye neno la mwisho, na neno la mwisho ndo lenye uwezo wa kumfoldisha mtu. Watu wanakosea hapa kila siku, wanaweka reizi ya katikati inayowafunga wasiweze kufoldi, halafu mwenzao ndo anasukuma.

Mizigo ikiwa mikubwa sana, 500 au 1000 kila mtu, mambo yanageuka. Hapo flashi ndogo inaanza kuwa hatari maana hela nyingi zikiingia na kopa tatu zipo mezani, anayebaki na wewe mara nyingi ana kubwa kuliko yako. Mizigo ikiongezeka hivyo nataka ree ya hiyo aina mkononi, au streti ya juu kabisa, ndo nashambulia kwa moyo mweupe.

HATUA YA 5: Kukaa mbele na kukaa nyuma

Ukiwa nyuma, yaani ukicheza wa mwisho, una anasa ya ziada: ukireizi flopu na akakoli, karata ya nne atakuchekia karibu kila mara, na we unaamua kubeti tena au kuchukua karata ya mwisho bure. Hiyo bure ina thamani kubwa.

Ukiwa mbele (unacheza kwanza) silaha yako ni kucheki halafu kureizi. Mfano uko blaindi kubwa na A♣ 5♣, mtu wa batani kareizi hadi 6, umekoli, blaindi ndogo katoka, poti 13. Flopu 9♣ 4♦ 3♣. Una dro ya flashi ya ree, una 2 ya kukamilisha streti, auti 12 na ree juu yake. Cheki, anabeti 7, reizi hadi 24 au 25. Mtu wa batani anareizi karata nyingi mno, K Q, Q 10, J 8, na hazijagusa 9 4 3 hata kidogo, hizo zote zinaondoka hapo hapo. Wakati mwingine K Q ya pau inafoldi na ulikuwa unaishinda kabisa, poa tu, umekula poti.

Saizi: reizi yako iwe kama mara 3 ya beti yake ukiwa nyuma, mara 3 na nusu hivi ukiwa mbele. Na hizi saizi ziwe zilezile ukiwa na 9 tatu. Ukireizi kubwa kwenye dro na ndogo kwenye kitu cha maana, regi (mchezaji wa kila siku) yeyote mwenye akili anakusoma ndani ya saa moja.

HATUA YA 6: Karata ya nne

Hapa ndo wengi wanazimika. Wamereizi flopu, wamekoliwa, haijashuka, wanacheki kwa woga mpaka mwisho. Tuendelee na mfano: alikoli 50, poti 123, kila mmoja amebaki na 140.

Inashuka A♠. Kwako haina kitu, lakini jamaa mwenye 10 10 au J J haipendi kabisa. Sukuma 140. Una auti 15 kati ya karata 46 zisizoonekana, asilimia 33 hivi. Akikoli unapoteza wastani wa dola 9 hivi tu, akifoldi unachukua 123. Akifoldi mara moja kati ya kumi tayari uko kwenye faida. Ungekuwa na auti 9 pekee ungehitaji afoldi kama theluthi ya mara, bado inawezekana kwa karata ya kutisha kama hiyo, ila kwa mtu sahihi tu.

Inashuka 2♠, meza imepata pea. Hapo polepole. Mwenye 7 tatu au 6 tatu sasa ana fulu hausi, dhidi yake auti zako zote zimekufa na huwezi kujua. Unacheza wa mwisho, chukua karata ya bure.

Kwa kifupi unaendelea kusukuma kwenye karata zinazomtisha (ree, K, au inayokuongezea dro kama pea juu ya flashi), unapumzika kwenye zile zinazoijenga meza kwa ajili yake.

HATUA YA 7: Karata ya mwisho imekataa

Sasa huna auti, ni blafu tupu, na hesabu yake ni rahisi: ukibeti nusu ya poti anatakiwa afoldi asilimia 33, ukibeti theluthi mbili 40, ukibeti poti nzima 50.

Chagua kwa akili. 9 8 iliyokosa haishindi chochote ikionyeshwa, kwa hiyo ni mgombea mzuri wa blafu. Flashi ya ree iliyokosa wakati mwingine inashinda ikichekiwa, kwa sababu jamaa naye alikuwa kwenye dro ndogo zaidi. Na kuna hili la kiufundi kidogo: ukiwa umeshika kopa mbili, umepunguza uwezekano wa mwenzako kuwa na dro ya kopa iliyokosa, na hizo ndo karata ambazo zingefoldi kirahisi. Dro ya streti iliyokosa ambayo haina kopa mara nyingi ni blafu bora kuliko flashi iliyokosa. Ukiwa umeshapiga risasi mbili na mtu kakoli zote mbili bila kusita, jibu analo, acha hela zako.

HATUA YA 8: Imetua

Beti, na beti kubwa, hasa streti maana watu hawaioni haraka kama flashi. Ule mchezo wa kucheki ili kumtega mtu kwenye meza za 1/2 unakula hela yako, atacheki nyuma afurahi kaona karata bure. Umejenga poti kwa kureizi tangu flopu, na hii ndo faida ambayo mkoliaji hana: poti tayari ni kubwa, beti ya theluthi mbili ya poti ni hela ya kueleweka, na hadithi uliyoisema tangu flopu ilikuwa "nina kitu", siyo "nasubiri kopa".

KUHUSU HELA

Staili hii inayumbisha. Utasukuma na asilimia 54 ukose mara nne mfululizo, ni kitu cha kawaida kabisa, kwa hiyo uwe na angalau bayini (kiasi cha kuingilia mezani) 30 za kiwango unachocheza, na iwe hela ambayo kodi ya nyumba haiitegemei. Meza nyingi za hela taslimu zinaruhusu, mkishaweka zote, mkubaliane karata zilizobaki zitolewe mara mbili na poti igawanywe nusu kwa kila mzunguko. Wastani wako haubadiliki hata senti, kuyumba ndo kunapungua, mimi huwa nakubali. Ila kama umegundua jamaa anaogopa kupoteza chipu zote, kataa, hofu yake ya kukoli ni mali yako.

Na kabla ya kwenda mezani fungua programu ya bure ya kukokotoa asilimia, ingiza 9♥ 8♥ dhidi ya A♠ A♣ kwenye 7♥ 6♣ 2♥, kisha mbadilishie jamaa awe na 7♠ 7♦, kisha A♥ K♥. Halafu ondoa 2♥ weka 2♦, uone dro ileile ikikosa kopa moja tu mezani inashuka hadi wapi.